Tela Litakuja Toleo Lijalo

Nina ugomvi na watu wanaouza kitu kilekile mara ya pili na kukiita kipya. Sizungumzii mitumba. Mitumba ina adabu yake: kola imefubaa unaiona, kifungo hakipo unaona, na bei unapewa ya mtu aliyekwisha kuona. Nawazungumzia hawa wa maroboti. Wanachukua mdoli uleule wa plastiki waliouuza Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, wanauongezea goti, wanaubadilishia boksi, wanaandika kuwa ni toleo lililoboreshwa, halafu hesabu inakuja kulipwa na mtu wa Nyololo.

Mtu huyo wa Nyololo ni mimi. Mchana nauza mbao. Jioni, ofisi ikishafungwa na jiko la mkaa likishakolea, nakusanya Optimus Prime.

Kwa asiyemjua, Optimus Prime ni lori linalogeuka mtu. Nilipowaeleza hivyo mama lishe wa hapa njia panda hawakushangaa hata kidogo. Walisema madereva wengi wako hivyohivyo: akiwa chini ni mtu na heshima zake, akishika usukani hakumbuki tena alichoahidi. Basi huyu wangu ni mkuu wa maroboti mema yaliyotoka sayari nyingine, yakaja duniani na kujificha kwa kuiga magari. Mwenzake Bumblebee aliiga Volkswagen ndogo ya kizamani. Yeye, kama mkubwa wao, akachagua kuwa semitrela nyekundu.

Sasa niambieni kama kuna mahali duniani anapostahili heshima kuliko Nyololo. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa ikitoka Mafinga kwenda Makambako, na hapohapo inachepuka ile ya Igowole, Kibao na Mgololo. Kila tunachouza kinapanda lori: mbao, marobota ya karatasi kutoka kiwanda cha Mgololo, majani ya chai. Kila kinachotupita kinapita kwa lori: mafuta yanayokwenda Zambia, shaba inayotoka huko na Kongo. Mtoto wa hapa anautambua mlio wa Scania kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Lori linaloongea, linalopigana na waovu na kutetea wanyonge, lingepewa hata uenyekiti wa kijiji. Badala yake naitwa mtu mzima anayecheza na midoli.

Lakini malalamiko yangu leo si ya majirani. Ni ya kampuni.

Historia ya huyu bwana, ukiifuata vizuri, ni historia ya kuuza kilichokwisha kuuzwa. Hasbro ya Marekani ilimtoa mwaka 1984, na wengi humwita wa kwanza. Si wa kwanza. Mdoli wenyewe ulikuwa umeshauzwa Japani na kampuni ya Takara, katika mfululizo ulioitwa Diaclone, na huko alikuwa mashine tu, anaendeshwa na kidereva kidogo cha plastiki chenye sumaku miguuni. Wamarekani wakauchukua mdoli huohuo, wakaupa jina, sauti na tabia njema, na kwa kuwa sasa alikuwa hai, wakamshusha dereva. Kwa hiyo huyo tunayemwita wa kwanza alikuwa toleo la pili, tena lililopunguzwa mtu mmoja. Jirani yangu mmoja, dereva mstaafu wa njia ya Zambia, amegoma kumtambua kwa sababu hiyo tu. Anasema lori lisilo na dereva halifiki Makambako. Pale mizani watamwandikia nani faini?

Mwaka 1986 wakamuua. Kwenye filamu ya katuni ya mwaka huo Optimus anakata roho mbele ya watoto, na wala si kwamba hadithi ilitaka hivyo. Kulikuwa na midoli mipya ya kuingia madukani, na ya zamani ilibidi ipishe. Watoto wa Marekani wakalia kwenye kumbi za sinema, wazazi wakaandika barua za hasira, na mwaka 1987 akafufuliwa kwenye televisheni. Tangu hapo hajapumzika. Marehemu wa kwetu tunamzika mara moja, tunaanua matanga, tunagawana madeni yake, basi. Huyu anafukuliwa kila mauzo yakilegea.

Ukaja mwaka 2003. Takara wakatangaza kwamba sasa wanamtengeneza kwa ajili ya watu wazima: mkubwa, mzito, chuma ndani yake, kila kitu mahali pake. Wakauita mfululizo huo Masterpiece, na yeye akapewa namba moja. Picha yake ninayo kwenye simu, na siku moja nilimwonyesha utingo ambaye gari lao lilikuwa limelala hapa likisubiri spea. Akaivuta picha kwa vidole viwili kama mtu anayekagua bolti za tairi.

“Bosi, tela lake liko wapi?”

Nikamweleza kwamba hakuja na tela.

“Semi bila tela?”

Nikamweleza kwamba mwaka 2006 walimtoa tena, huyohuyo, safari hii na tela.

Akanitazama kwa huruma. “Kwa hiyo mtu aliuziwa kichwa kitupu, akakaa nacho miaka mitatu, halafu akauziwa kichwa kingine ili apate tela?”

Nikasema ndiyo, na kwamba mwaka 2011 wakamtoa upya akiwa mdogo kidogo, na tela lake, na mwaka 2019 wakamtoa tena, na tela lake, kwa kama dola 400. Ukijumlisha usafiri na ushuru hadi hapa, unazungumzia milioni moja na kitu. Utingo akarudisha simu yangu. Akasema aliyebuni biashara hiyo lazima ana ndugu Kariakoo.

Wenzangu wa Marekani angalau wana kisingizio. Wanasema wananunua utoto wao. Walikuwa naye wakiwa na miaka minane, mama akamtupa au akamgawa kanisani, na sasa kwa kuwa wana mishahara wanamrudisha nyumbani. Mimi narudisha nini? Mwaka 1984 hapa kwetu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni na sukari. Mwaka mmoja kabla, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, walanguzi na wahujumu uchumi walisakwa nchi nzima, na watu walikuwa wakitupa bidhaa maporini usiku kuliko kukutwa nazo ndani. Roboti la plastiki kutoka Japani ungelipata wapi, na ungelieleza vipi kwa mjumbe wa nyumba kumi?

Baba yangu siku hizo hajazisahau. Alipoingia mara ya kwanza kwenye chumba changu cha maroboti, akaona maboksi yamepangwa hadi darini, ya kutoka nje, hayajafunguliwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga mlango nyuma yake taratibu.

“Mwanangu,” akasema kwa sauti ya chini, “hizi risiti zake zipo?”

Nikamwambia ninazo zote, na kwamba mtu kama mimi huitwa mkusanyaji. Akasema wakati wao mtu mwenye maboksi ya nje yaliyofungwa chumbani alikuwa na jina lake, na halikuwa hilo.

Mimi Optimus nilimjua kwenye kibanda cha video Makambako, kwenye kanda ya VHS iliyochoka hadi picha ikawa inapanda na kushuka. Filamu nyingi za nje zama hizo tulizisikia kwa sauti ya Lufufu, aliyekuwa akizisimulia kwa Kiswahili, na ukimsikiliza Lufufu hukuhitaji tena kuelewa Kiingereza cha mtu yeyote. Hii yetu Lufufu hakuifikia. Ilitafsiriwa palepale na kijana wa mlangoni aliyekuwa anakusanya viingilio, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kilekile chetu. Alitutangazia kwamba hilo ni lori la Zambia lililologwa. Tukaamini, maana malori ya Zambia tulikuwa tunayafahamu. Sasa ona dhuluma: bei ninayolipa leo ni ya kumbukumbu ya Mmarekani. Kumbukumbu yangu mimi ni lori la Zambia lililologwa, na hilo halijatengenezwa toleo hata moja.

Msidhani ugonjwa huu ni wa Optimus peke yake. Walimu wakubwa wa fani hii ni wale wa Star Wars. Filamu ilitoka Mei 1977, ikapendwa kupita matarajio, na kampuni ya Kenner ya kule Cincinnati, iliyokuwa na haki ya kutengeneza midoli yake, ikajikuta Krismasi inafika na mzigo haupo. Mfanyabiashara wa kawaida angewaambia wateja mzigo uko njiani, rudini mwezi ujao. Wao wakauza boksi lisilo na mdoli. Ndani yake mna kadi ya kujaza na kutuma kwa posta, pamoja na ahadi kwamba mwakani utaletewa wanne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Watoto wakafungua zawadi ya Krismasi wakakuta fomu.

Haki yao niwape: mwaka 1978 midoli ilifika kweli. Hapo wamewashinda mafundi seremala wengi ninaowauzia mbao, ambao mteja akishatoa advansi ya mlango hupokelewa simu na mke wa fundi.

Kwetu mwaka 1978 ulikuwa na habari nyingine. Amin alivamia Kagera, vijana wakapanda malori kwenda vitani, na waliobaki tukafundishwa kufunga mkanda, somo ambalo liliendelea miaka mingi baada ya vita kwisha. Hakuna aliyeuliza habari za Chewbacca.

Haya, tuendelee. Mwaka 2005 Hasbro, ambayo wakati huo ilikuwa imeshaimeza Kenner, ikatoa tena lile boksi. Boksi lisilo na mdoli, kwa ukumbusho wa boksi lisilo na mdoli, na fomu ndani ya kuagizia wanne walewale. Yaani ule mkwamo wa mzigo wa mwaka 1977 nao ulipatiwa toleo jipya. Ningekuwa mimi nimechelewesha mbao za mtu, baada ya miaka 28 nimpelekee risiti nyingine ya kuchelewesha mbao, nimtoze tena, tungekutana kwa mtendaji wa kata.

Kisha kuna suala la viungo. Midoli ile ya mwaka 1978 ilikuwa na viungo vitano: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Goti halikunji, kiwiko hakikunji. Luke akikaa, miguu inatangulia mbele kwa heshima ya bwana harusi. Tukaambiwa teknolojia inakua. Mwaka 1995 wakamrudisha Luke kifua kimetuna hadi mikono haishuki. Mwaka 2010 wakaleta Vintage Collection: kadi ya kizamani, mwili wa viungo vingi. Mwaka 2013 wakaleta Black Series, warefu zaidi, sentimita 15, magoti yanakunja, viwiko vinakunja, vifundo vinakunja. Kila hatua tulilipia kiungo. Halafu mwaka 2019 wakaja na Retro Collection. Viungo vitano: shingo, mabega, nyonga. Goti halikunji.

Hebu rudia polepole. Miaka 40 watu wamelipia magoti, kisha wakauziwa mdoli aliyeondolewa magoti, na huyo naye akaitwa mpya.

Mama watoto alinikuta jioni moja nimewaweka Optimus wawili mezani, taa ya simu imewamulika, nawalinganisha.

“Baba, huyu si yuleyule?”

“Huyu wa kulia goti lake linakunja mpaka mwisho.”

Akaweka sufuria chini. “Goti la mama yako linauma tangu masika. La kwake toleo lake linatoka lini?”

Sikuwa na jibu, na kampuni nayo haijatangaza.

Suala la maboksi ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sisi huku ni watu wa karatasi. Miti ya paina inakatwa Mufindi hii hii, inakwenda Mgololo, inarudi ikiwa karatasi ngumu ya kahawia ya kutengenezea mifuko na vifungashio, na lori lake linapita mbele ya ofisi yangu likitimua vumbi. Boksi nalijua tangu likiwa mti. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba boksi linaweza kumzidi bei aliyemo ndani. Kwa wakusanyaji ndivyo ilivyo. Mdoli ambaye boksi lake halijafunguliwa ana thamani, aliyefunguliwa ni mitumba. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye msimamo humnunua mtu mwenye viungo vyote vile vilivyoboreshwa, magoti, vifundo, vidole, halafu anamwacha amefungwa kwa nyuzi ndani ya boksi maisha yake yote, hajawahi kukunja hata kimoja.

Angalau boksi lilikuwa na dirisha, unamwona. Basi Hasbro wakatangaza mwaka 2019 kwamba wataondoa plastiki kwenye vifungashio. Jambo jema kwa mazingira, nami kama mtu wa mbao nikashangilia karatasi. Lakini plastiki iliyoondoka ndiyo lile dirisha. Maboksi ya Black Series yakaanza kuja yamezibwa pande zote, nje picha ya kuchorwa. Uso umepinda? Rangi ya jicho imeshukia shavuni? Utajua ukifungua, na ukifungua umeshaua thamani. Mnadani hiyo tunaiita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa huku mnunuzi anaambiwa mbuzi asimguse, gunia ndilo atunze. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba dirisha linarudi. Mnaweza kukisia kilichofuata: anayetaka rafu yake ifanane, inabidi amnunue tena yuleyule, sasa akiwa na dirisha.

Kumfikisha Nyololo nako ni mateso yanayojitegemea. Wakala wangu wa Dar es Salaam ndiye hunijazia fomu. Juzi alipofika kwenye maelezo ya mzigo akaniambia anaandika “midoli ya watoto”. Nikamwambia si ya watoto. Akaniuliza sasa aandike midoli ya nani. Tukanyamaza wote wawili, salio la simu likiendelea kukatwa. Mwishowe aliandika anachojua yeye, VAT ya asilimia 18 ikalipwa kama ya watu wengine, na boksi likapelekwa stendi.

Kutoka Dar hadi hapa ni kama kilomita 600. Zamani basi lilikuwa linatupita na jua. Lakini tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, vifurushi vinafika saa ambayo hata mbwa wamenyamaza. Konda anapiga simu saa nane usiku: “Mzee, tunaingia Nyololo, toka barabarani, hatusimami sana.” Mwezi wa saba, saa nane za usiku, Mufindi si mahali pa mtu mwenye ndala. Natoka na blanketi mabegani, pumzi inatoka moshi. Mlinzi wa ghala la mbao ananimulika tochi na kuniuliza kwa upole kama nasubiri mgonjwa au maiti. Nasema nasubiri Optimus. Anasema pole sana.

Basi linapunguza mwendo, mlango unafunguka, boksi linatua kwenye changarawe, mlango unafungwa. “Tuko vizuri mzee!” Kona imebonyea. Nimeshaeleza boksi ni nini kwa mkusanyaji. Kona ikibonyea, huyo tena ni wa kusubiriwa toleo lingine. Jina la basi sitaji, kwa sababu nina vifurushi vingine vinakuja nalo.

Kilele cha uboreshaji kilikuwa mwaka 2021. Kampuni iitwayo Robosen, kwa kibali cha Hasbro, ikatoa Optimus anayejigeuza mwenyewe. Unamwamuru kwa mdomo, anajikunja kuwa lori. Unamwamuru tena, anainuka na kutembea. Bei dola 699. Nilitamani, siwezi kusema uongo, mpaka nilipofikiria kwamba anaamriwa kwa Kiingereza. Nyumba hii asubuhi tunasalimiana “kamwene”, mchana kutwa ni Kiswahili, na Kiingereza kinatunzwa kwa ajili ya wageni na mitihani. Ningekuwa na lori la zaidi ya milioni moja na nusu limekaa sebuleni likisubiri maelekezo ya mwanangu wa kidato cha pili. Angekosea neno moja likagomea katikati, nusu mtu nusu lori. Yaliyogoma ninayo ya kutosha hapo nje, tena hayaniombi chaji.

Ningevumilia yote haya kama yangeishia huko huko ng’ambo. Tatizo ni kwamba Nyololo imeambukizwa.

Kuna mjukuu wa jirani, yuko darasa la tano, anatengeneza malori kwa mabanzi yanayobaki tukishapasua magogo. Kazi yake nzuri, simnyimi sifa. Bodi ni kipande cha banzi la paina, gamba bado liko upande mmoja. Matairi ni ndala kuukuu iliyokatwa duara kwa kisu cha moto, ekseli ni waya wa kufungia nondo, na kwenye bampa ya mbele ameandika kwa biki MUNGU NI MWEMA. Nikamnunulia moja kwa elfu moja, nikaliweka rafuni karibu na Optimus. Mtoto akaingia ndani kuliona lilivyokaa. Akasimama pale muda mrefu, akiwatazama Optimus wangu mmoja mmoja, akaniuliza kwa nini wako wengi na wanafanana. Nikamweleza. Nikamweleza kila kitu, miaka na matoleo, kama mwalimu.

Hazikupita siku nyingi akapiga hodi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nini tena?”

“Nimeleta lile jipya.”

“La kwanza lina kasoro gani?”

“Halina kasoro mzee. Ila hili lina madigadi.”

Nikatazama. Kweli, nyuma ya matairi alikuwa ametundika vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja kimetobolewa na kushonwa kwa waya. Elfu moja na mia tano. Nikamuuliza mbona halina taa. Akasema taa zinakuja, kwa sauti ya serikali yenye mpango wa miaka mitano.

Taa zilikuja: vizibo vya soda, vimepigwa misumari, elfu mbili. Nikalipa, maana huwezi kuwa na la madigadi ukakosa la taa, rafu itaonekana ina pengo. Nikamwambia sasa anitengenezee tela tu, nilifunge kwenye lile la kwanza, tumalize biashara.

“Tela litakuja na kichwa chake, mzee.”

“Kichwa ninacho. Ninavyo vitatu!”

“Hivyo tela haliingii,” akasema, bila kupepesa macho. “Tundu la msumari nimelihamisha.”

Nimemuuliza babu yake kama mtoto huyu ana ndugu Cincinnati. Amesema ukoo wote uko Igowole.

Sasa hukumu yangu ni hii, kwa Hasbro, kwa Takara na kwa huyu bwana mdogo wa mabanzi: kosa lenu si kwamba mnatuuzia kitu kibovu. Mnatuuzia kitu kizuri kilichopunguzwa makusudi, mkajua kabisa kilichobaki kiko kabati gani na kitatoka mwaka gani. Fundi akinipunguzia futi kwenye mbao namshika shati. Nyinyi tunawapangia foleni.

Nawe msomaji, siku ukiletewa toleo lililoboreshwa, liwe la roboti, la simu au la pikipiki, usipoteze muda kuuliza kimeongezwa nini. Muulize muuzaji amebakiza nini cha mwakani. Akianza kucheka, rudisha pochi mfukoni.